Ukijua Unauza, Utapigania Bei
Hotuba kwa wafanyabiashara wadogo wanaozungumza Kiswahili, Houston, Texas

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, mama zangu wenye migahawa na saluni, vijana wa maduka ya simu na ya vyakula vya nyumbani: shikamooni wakubwa, na wadogo zangu hamjambo. Mwenyekiti ameniomba nisiongee kihasibu. Nitajitahidi, ila namba zitakuwepo, maana jambo lenyewe ni la namba.

Kila mwenye mashine ya kadi humu ndani ameshapigiwa ile simu. Kijana ana sauti nzuri, analijua jina lako na la duka lako, na anakwambia umeshapitishwa: dola 20,000, kesho asubuhi ziko benki. Hataki dhamana ya nyumba, historia yako ya madeni haimsumbui, na utalipa kidogo kidogo kutoka kwenye mauzo ya kadi, hata hutasikia maumivu. Kisha anamalizia: "Na huu si mkopo, mama."

Kwa maandishi, anasema kweli. Ukiusoma mkataba wa fedha hii, iitwayo kwa Kiingereza merchant cash advance, utakuta umeandikwa kuwa wewe ni muuzaji na yeye ni mnunuzi. Umemuuzia dola 27,000 za mauzo ya kadi ambayo hujayafanya bado, naye amekulipa 20,000 taslimu leo. Waliuandika hivyo kwa makusudi. Sheria za majimbo zinazoweka ukomo wa riba zinahusu mikopo; mauziano hayana riba, kwa hiyo hayana ukomo.

Wenzetu wa Kagera wanaijua biashara hii tangu utoto. Kule inaitwa butura. Kahawa ingali maua mtini, mkulima ana ada ya shule au ana mgonjwa hospitali, anatokea mtu mwenye fedha mkononi, wanakubaliana magunia kadhaa kwa bei ya kutupa, na msimu ukifika mwenye fedha anakuja kuchukua mzigo wake. Serikali imeikataza miaka nenda miaka rudi na bado ipo, kwa sababu mwalimu mkuu hasubiri kahawa iive. Hapa kwetu mti ni ile mashine iliyoko kaunta. Lakini mkulima wa Karagwe anajua kuwa anauza, kwa hiyo anabishana bei, anamwita na mnunuzi wa pili aone atatoa ngapi. Sisi tunasaini kwa kidole kwenye simu, kurasa ishirini na kitu, kwa bei ya kwanza iliyotajwa, kwa kuwa tunadhani tumekopeshwa, na mkopaji siku zote hujiona hana sauti.

Hilo ndilo nililokuja kusema leo. Kama wanasisitiza kwamba umeuza, basi fanya kama muuzaji. Uliza bei halisi ni ipi. Uliza mnunuzi anabeba hasara gani mzigo usipopatikana. Kama habebi hasara yoyote, huyo ni mkopeshaji aliyevaa kanzu ya mnunuzi.

Nieleze kidogo ilikotoka. Biashara hii ilianza hapa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990. Kampuni iliyoitwa AdvanceMe ilikuwa na mfumo wa kugawa mapato ya kadi: mteja akishachanja, kampuni inayopitisha malipo inamtengea mwenye fedha fungu lake kabla hela haijafika kwenye akaunti ya duka. Walikuwa na hataza ya mfumo huo, yaani haki ya kuutumia peke yao, lakini mwaka 2007 mahakama ya shirikisho hapa hapa Texas ikaitangaza kuwa batili, na mlango ukawa wazi kwa kila mtu. Mwaka uliofuata ndipo mabenki yalipoyumba na kufunga mikono kwa wafanyabiashara wadogo, kwa hiyo wateja wa fedha ya haraka walikuwa tayari wamepanga foleni. PayPal wakaanza ya kwao mwaka 2013, Square mwaka 2014. Leo ukiwa na mashine ya kadi yenye umri wa miezi sita, wewe ni mteja anayewindwa.

Sasa namba. Tuchukue mgahawa wa mfano unaoingiza dola 30,000 kwa mwezi kwenye kadi. Wanakupa 20,000, wanaandika 1.35, maana yake utarudisha 27,000. Wanakata asilimia 15 ya mauzo ya kadi kila siku. Asilimia 15 ya 30,000 ni 4,500 kwa mwezi, kwa hiyo miezi sita umemaliza. Gharama yako ni dola 7,000. Mtu anatazama ile 1.35 anasema, "Ni asilimia 35, ghali kidogo lakini nitaweza."

Si asilimia 35. Ungekaa na zile 20,000 mkononi mwaka mzima, halafu siku ya mwisho ukarudisha 27,000, hapo ingekuwa asilimia 35 kwa mwaka. Lakini wewe unaanza kurudisha kesho yake. Ukifika mwezi wa tatu umesharudisha nusu, na ada umelipia fedha yote. Ukipiga hesabu kwa namna benki inavyopiga, bei ya fedha hiyo ni karibu asilimia 127 kwa mwaka. Na kawaida kuna ada ya kufungua faili wanayoikata juu kwa juu. Tuseme dola 600, ukapokea 19,400 badala ya 20,000. Hapo umefika asilimia 140.

Kuna ndugu mmoja huwa ananibishia jambo hili kila tukionana, na ana hoja. Anasema asilimia ya mwaka ni hadithi za wahasibu. Yeye anatoa dola 7,000 tu, na kama 20,000 zikimzalishia 12,000 amefaidika. Ni kweli kabisa, kama zitamzalishia. Tatizo ni kwamba bila ile asilimia ya mwaka huwezi kulinganisha wauzaji wawili wa fedha. Fedha hiyo hiyo, 20,000, kwa miezi hiyo hiyo sita, ukiipata kwa asilimia 12 kwa mwaka, riba yake yote ni kama dola 700. Huku 7,000, kule 700. Kama umeikosa ile ya 700, sawa, utaamua. Lakini uamue ukiwa unajua unanunua kitu kwa bei mara kumi.

Na kuna kioja kingine: ukiuza vizuri, fedha inakuwa ghali zaidi. Mauzo yakipanda mara mbili utamaliza kwa miezi mitatu, ila zile 7,000 hazipungui hata senti, maana si riba, ni tofauti ya bei. Fedha umekaa nayo nusu ya muda kwa malipo yale yale. Wapo wanaotoa punguzo ukimaliza mapema, lakini lazima liwe limeandikwa kwenye mkataba. La mdomoni mwa dalali halihesabiki.

Sasa tuingie jikoni, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia bila kujua wamechomwa wapi. Chukua risiti moja. Familia imekuja Jumamosi, wamekula pilau, mishkaki na kuku wa kupaka, jumla dola 40. Kodi ya mauzo hapa Houston ni asilimia 8.25, hiyo ni dola 3.30. Wamefurahi, wameacha bakshishi dola 8. Kadi imechanjwa dola 51.30. Mwenye fedha anakata asilimia 15 kwenye nini? Kwenye 51.30, kwa sababu ndicho kilichopita kwenye mashine. Hiyo ni dola 7.70. Sasa rudi kwenye chakula chako cha dola 40 uone 7.70 ni asilimia ngapi. Ni asilimia 19 na ushei.

Zile dola 3.30 si zako, ni za serikali ya Texas, na kwa wengi wenu tarehe 20 ya mwezi unaofuata zinatakiwa zikiwa kamili. Zile 8 si zako pia, ni za binti aliyehudumia meza, na sheria ya shirikisho inakukataza kuzigusa. Lakini zote mbili zimeshakatwa njiani. Kwa hiyo kila usiku unadaiwa kufidia kutoka mfukoni hela ambayo haikuwa yako tangu mwanzo. Na kwenye ile 40 iliyobaki, toa chakula chenyewe, toa mishahara, toa pango, umeme, bima, toa na kile kinachokatwa na kampuni ya kadi. Mgahawa mdogo ukibakiwa na dola nane katika mia, mwenyewe ashukuru Mungu. Sasa kwenye nane utatoaje kumi na tisa?

Jibu ni kwamba hutoi kwenye faida. Unatoa kwenye pango, kwenye deni la muuza nyama, na zaidi sana unatoa kwenye kodi ya mauzo, kwa sababu kodi ya mauzo ndiyo hela pekee inayokaa kwenye akaunti wiki kadhaa bila mtu kuidai. Wateja wangu wengi waliokwama na fedha za namna hii hawakuja kwangu na barua ya mwenye fedha. Walikuja na barua ya mamlaka ya kodi. Mwenye fedha alikuwa ameshalipwa vizuri, kila siku, wa kwanza kabla ya wote.

Saluni wako afadhali kidogo, nikiri hilo. Gharama ya dawa na nywele ni ndogo kulinganisha na bei ya kusuka, na bakshishi nyingi zinakuja taslimu. Wenye maduka ya vyakula ndio wako pabaya kuliko wote: kwenye gunia la unga wa muhogo au katoni ya samaki wakavu faida ni nyembamba kiasi kwamba makato ya asilimia 10 tu yanaweza kuila yote. Mwenye duka la chakula akiniuliza, namwambia hapana kabla hajamaliza swali.

Haya, tuje kwenye hasara inabebwa na nani. Kama kweli umeuza asilimia 15 ya mauzo, basi siku usipouza hakuna cha kukatwa. Mnakumbuka kimbunga Beryl, tarehe 8 Julai 2024. Zaidi ya wateja milioni mbili wa umeme katika eneo letu walikaa gizani, wengine siku nyingi. Mashine za kadi zilikuwa mapambo. Aliyekuwa na makato ya kugawana mauzo hakukatwa kitu, kwa sababu asilimia 15 ya sifuri ni sifuri. Lakini mikataba mingi siku hizi haina kugawana kokote. Inasema "asilimia 15 ya mauzo, inayokadiriwa kuwa dola 214 kila siku ya kazi," na hiyo 214 inavutwa moja kwa moja kutoka benki, Jumatatu hadi Ijumaa, umeme uwepo usiwepo. Hapo kila siku ya giza 214 iliondoka, na akaunti ilipokauka benki nayo ikatoza faini ya kukosa salio.

Mikataba hiyo huwa na kifungu kinachosema kwamba mauzo yakishuka unaweza kuomba kiasi kirekebishwe kulingana na mauzo halisi. Tafuteni kifungu hicho kwa tochi. Kipo? Je, kinasema mwenye fedha "atarekebisha" au "anaweza kurekebisha akipenda"? Hayo ni maji na mafuta. Mahakama moja ya rufani ya New York, katika kesi ya mwaka 2020, iliorodhesha mambo matatu ya kutazama ili kujua kama hayo ni mauziano au ni mkopo: kama kuna marekebisho ya kweli, kama mkataba una siku maalumu ya kumalizika, na kama biashara ikifilisika mwenye fedha bado ana njia ya kukudai. Natumia New York kwa sababu mikataba mingi mnayosaini hapa Houston imeandikwa kwamba itaamuliwa kwa sheria za New York. Kule, mkopo kwa kampuni ukizidi asilimia 25 kwa mwaka ni kosa la jinai, na mkataba wake unahesabiwa batili tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana wanang'ang'ania kuuita mauziano.

Wengine wameshaumbuka. Mwanasheria Mkuu wa New York, Letitia James, aliishtaki Yellowstone Capital mwaka 2024, akisema kilichoitwa ununuzi wa mauzo kilikuwa mkopo wa riba isiyo halali. Januari 2025 jambo likaishia kwenye hukumu ya zaidi ya dola bilioni moja, na madeni ya zaidi ya dola milioni 500 ya wafanyabiashara wadogo yakafutwa. Nimetaja hili ili mjue kwamba kusaini hakumaanishi umekosa haki. Lakini msikae mkisubiri Mwanasheria Mkuu awafikie. Wengi duka lilishafungwa kabla kesi haijafunguliwa.

Lingine lililowahi kuwaangamiza watu ni karatasi moja iliyokuwa ikichanganywa na nyingine: unasaini leo kwamba umekubali kushindwa kesi ambayo haijafunguliwa. Siku wakidai umevunja mkataba, wanaipeleka kwa karani wa mahakama New York, na akaunti yako Texas inafungwa kabla hujajua kuna kesi. Waandishi wa Bloomberg waliifichua mwaka 2018, na mwaka 2019 New York ikabadili sheria isiweze kutumika huko dhidi ya watu wasioishi katika jimbo hilo. Kwetu hapa, sheria inayoitwa HB 700, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba 2025, inaikataza pia. Inamtaka mwenye fedha akuandikie waziwazi unapokea kiasi gani mkononi, utalipa jumla gani, na dalali anachukua nini. Vilevile imembana asijikatie tu kwenye akaunti yako ya benki, ila kama ana haki ya kwanza iliyosajiliwa kisheria juu ya akaunti hiyo. California na New York wanalazimisha hata asilimia ya mwaka iandikwe. Sheria yetu haikufika huko, kwa hiyo hiyo hesabu ni lazima uipige mwenyewe au uje tuipige pamoja.

Kuhusu dalali, nitasema kidogo. Anayekupigia simu mara nyingi si mwenye fedha. Ni mtu wa kamisheni, na kadiri unavyochukua nyingi na kwa bei kubwa ndivyo anavyopata zaidi. Jina lako amelipata wapi? Ukichukua fedha mara moja, mwenye fedha anasajili fomu iitwayo UCC-1 serikalini, kwamba ana haki juu ya mali za biashara yako. Orodha hiyo ni ya wazi, na inauzwa. Ndiyo sababu ukichukua ya kwanza, mwezi wa pili simu zinakuwa kumi kwa siku. Fomu hiyo hiyo ndiyo benki watakayoikuta siku ukienda kuomba mkopo wa kawaida, wakakurudisha.

Na simu hatari kuliko zote si ya kwanza. Ni ile ya mwezi wa tatu. "Mama, umelipa vizuri sana, tumekuongezea, sasa ni elfu thelathini." Sikilizeni hesabu hii polepole. Umeshalipa 13,500, zimebaki 13,500. Wanakupa 30,000 kwa 1.35, utarudisha 40,500. Lakini kwanza wanajilipa zile 13,500, kwa hiyo kinachofika mkononi ni 16,500. Ile 13,500 ya zamani, ambayo ndani yake tayari kuna ada, imezidishwa tena kwa 1.35. Umelipia ada ya ada: dola 4,725 kwa hela ambayo hukuiona. Wenye kujua mikopo ya kausha damu ya Dar es Salaam mnatikisa vichwa. Ni mtoto wa tumbo moja, huyu amevaa suti tu.

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani nimeiharamisha fedha hii. Kuna mahali inafaa. Una oda ya harusi ya watu 400, mteja ameshatoa malipo ya awali, jokofu limekufa Alhamisi na harusi ni Jumamosi. Unachukua 4,000, unarudisha 4,500 ndani ya wiki sita, oda imelipa yote. Hapo lipa. Na mara nyingi zile zinazotolewa na kampuni ya mashine yenyewe ni nafuu kuliko za dalali wa simu, kwa kuwa wanaona mauzo yako moja kwa moja na hawamlipi mtu wa katikati. Fedha hii ni ya kitu kinachojilipa haraka, chenye mwanzo na mwisho. Si ya pango. Si ya mishahara. Si ya kulipia kodi ya mwaka jana, na kwa hakika si ya kulipia fedha nyingine ya aina hii.

Mahali pengine pa kugonga hodi papo. LiftFund wako San Antonio na wanakopesha watu wa hapa ambao benki imewakataa. Kiva wanatoa hadi dola 15,000 bila riba kabisa, ila lazima kwanza marafiki zako wachangie kidogo kuonyesha wanakuamini, na sisi kwa kuchangiana hatujambo. Mikopo midogo ya SBA, shirika la serikali ya shirikisho la biashara ndogo, inafika 50,000, inapitia kwa mashirika yasiyo ya faida. Masharti ya ukaazi yamekazwa tangu 2025, kwa hiyo uliza kabla ya kujaza fomu. Na kumbuka: tangu Juni 2025, mkopo mkubwa wa SBA, ule wa 7(a), hauruhusiwi kutumika kulipia madeni ya kuuza mauzo. Waliokuwa wakipanga kuchukua hii leo kisha waibadilishe kwa ile kesho, njia hiyo imefungwa.

Kisha kuna vyama vyetu. Wakenya mna chama, Watanzania tuna upatu, ndugu zetu wa Kongo mna likelemba. Watu kumi wenye biashara, dola 1,000 kila mmoja kwa mwezi, kila mwezi mmoja anaondoka na 10,000 bila senti ya ada. Najua vinavunjika. Najua kuna aliyepokea wa kwanza akahamia Ohio. Lakini linganisheni hatari hiyo na asilimia 127, halafu mchague watu kumi mnaojuana hadi nyumbani.

Swali la riba limeulizwa kwenye karatasi mbili nilizopewa mlangoni, na wote wawili wameuliza kitu kimoja: kama ni mauziano na si mkopo, je, kwa Muislamu inafaa? Mimi si sheikh, sitatoa fatwa kwenye mkutano wa wafanyabiashara. Nitasema tu kile ambacho mhasibu anakiona: zimetoka dola, zimerudi dola nyingi zaidi, baadaye, na katikati hakuna bidhaa. Mpelekee sheikh wako mkataba wenyewe, si maelezo ya dalali, na umsomee kile kifungu cha marekebisho na kile cha wewe mwenyewe kuwa mdhamini. Atajua la kukwambia.

Swali la mwisho ndilo lililoandikwa mara nyingi zaidi: nimeshasaini, mauzo yameshuka, nifanyeje. Kwanza, usichukue ya pili. Pili, usikimbilie kufunga akaunti au kubadili mashine ya kadi kimyakimya. Mikataba mingi inahesabu hilo kuwa ni kuvunja makubaliano, na hapo wanaweza kudai salio lote kwa mpigo, na kwako binafsi. Omba marekebisho kwa maandishi, leo, si kwa simu. Barua iwe fupi: jina la biashara, tarehe ya mkataba, namba ya kifungu, mauzo ya kadi ya mwezi uliopita, na kiasi cha makato unachoomba, kikiwa ni asilimia ile ile waliyoiandika wao. Ambatisha taarifa za benki na za mashine ya kadi za miezi miwili. Itume kwa barua pepe, na nakala nyingine kwa posta yenye kusainiwa na mpokeaji, na ile stakabadhi ya posta usiitupe. Wakikataa, au wakikaa kimya, ukimya huo ni ushahidi: mwanasheria atautumia kuonyesha kwamba marekebisho yale yalikuwa ya karatasini tu.

Asiyejua kuandika barua hiyo kwa Kiingereza, kituo cha ushauri wa biashara ndogo kilicho chini ya University of Houston kinasaidia bila malipo, na mimi nitakuwa kwenye meza ile ya nyuma hadi wafunge ukumbi. Njooni na mkataba wote, kurasa zote. Usiniletee ukurasa wa kwanza peke yake, wanachokificha hakikai hapo.